Makapi ya Mkonge

Msomaji, ukisimama Mariakani kando ya barabara kuu itokayo Nairobi, huenda ukaona lori likipita na marobota ya katani ya Mwatate, likielekea bandari ya Mombasa. Usidhani umeuona mkonge wote. Katika kila kilo 100 za majani yapitishwayo mashinani, katani iliyokauka haizidi kilo 5. Iliyobaki ni maji na nyama ya jani, na kwa miaka mingi vitu hivyo vilimwagwa mitoni na mabondeni, vikaoza na kunuka.

Mmea wenyewe ni mgeni kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanganyika ingali hai ilikuwa 62 tu. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mashamba ya Tanga.

Hata mwaka 1951 wanakemia watatu waliokuwa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, walieleza kwamba mkonge waweza kutoa kitu kiitwacho hekojenini. Jina ni gumu, lakini usilidharau. Siku zile kotisoni, dawa iliyowapa nafuu wagonjwa wa baridi yabisi, ilikuwa adimu mno, maana ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe kwa hatua nyingi zenye gharama. Sasa malighafi yake ikaonekana katika uchafu wa mashamba ya Afrika Mashariki! Maji ya majani yaliachwa yachachuke, mashapo yake yakakusanywa na kuchemshwa kwa asidi, na hekojenini ikasafirishwa ng'ambo, ambako kampuni ya Glaxo iliigeuza dawa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uchungu: mkulima aliuza kamba na takataka, akarudishiwa dawa kwa bei ya dukani.

Baadaye kamba za plastiki ziliishusha bei ya katani, na wenye mashamba wakalazimika kuyatazama upya makapi yao. Makapi yakifungiwa katika tangi lisiloingia hewa, vijidudu huyala na kutoa gesi ya methani, ambayo huwaka na kuendesha injini. Mnamo mwaka 2007 mitambo ya namna hiyo ilianzishwa Hale, karibu na Tanga, na pia Kilifi, safari fupi kutoka Mariakani kwa njia ya Kaloleni. Kila mmoja uliundwa kutoa umeme wa kilowati 150. Wa Kilifi ulilishwa makapi pamoja na samadi ya ng'ombe. Na tope lililosalia baada ya gesi kutoka halikutupwa, bali lilirudishwa shambani kuwa mbolea.