Ngome Kongwe ilikuwa stesheni

Tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara limejaza watu mara nyingi kwenye ua wa Ngome Kongwe, Unguja, na mgeni anayeuliza historia ya mahali hapo huelezwa habari za Wareno, Waomani na jela. Stesheni husahaulika. Ilhali mwanzoni mwa karne iliyopita sehemu ya ukuta wa ngome hiyo ilibomolewa kupisha kituo cha gari la moshi la kwenda Bububu, kijiji kilicho maili 7 kaskazini ya mji. Kituo hicho kinastahili kukumbukwa kwa sababu kilihudumia watu wa kawaida.

Reli ilianza kujengwa 1905 na kampuni ya Arnold Cheney ya New York, kisha serikali ikainunua 1911. Kabla yake Sultani Sayyid Barghash alikuwa na reli ya kwenda kasri lake la Chukwani, mabehewa yake yakavutwa kwanza na nyumbu, baadaye na injini. Alipofariki 1888 nayo ikafa. Ile ilikuwa ya mfalme. Hii ya Bububu ilikwenda na kurudi mara 7 kwa siku na abiria wake walikuwa wenyeji. Ilipenya mitaa myembamba hata mpita njia akalazimika kujibanza kwenye mlango wa nyumba ya watu gari lipite, na cheche za injini zilizusha malalamiko ya mali kuungua. Abiria wa meli walikodishiwa behewa la daraja la kwanza, wakatangaziwa kwamba wataona mimea mizuri na wenyeji, kana kwamba wenyeji nao ni mandhari. Inauma kwamba tangazo hilo limedumu vitabuni kuliko habari za aliyekata tiketi kurudi kwake Bububu.

Wapo watakaosema reli fupi hivyo, iliyoacha kubeba abiria 1922, haina uzito. Mbona ya Barghash, iliyodumu miaka michache tu, hutajwa kwa fahari? Tena ya Bububu haikufa kwa kukosa kazi: barabara na magari yalipochukua abiria, iliendelea kubeba mawe ya ujenzi wa bandari. Baadaye ua wa ngome ukawa uwanja wa tenisi wa klabu ya wanawake, kisha ukumbi wa maonyesho. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iweke hapo kibao cha Kiswahili, kiitaje stesheni na abiria wake.