Embu hadi Meru kwa baiskeli, mbali na barabara kuu

Na MWANDISHI WETU

BARABARA kuu itokayo Embu kuelekea Meru ni miongoni mwa zile zenye mandhari ya kupendeza mno nchini. Ni miongoni mwa zile pia ambazo mwendesha baiskeli hana budi kuziogopa. Lami yake hupanda na kushuka mabonde ya mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya, na malori na mabasi huyateremka mabonde hayo kwa kasi ambayo breki haziwezi kuihimili kila mara.

Katika daraja la Mto Nithi, kaunti ya Tharaka-Nithi, watu zaidi ya 30 waliangamia mnamo Julai 2022 basi lilipopoteza mwelekeo na kutumbukia bondeni. Mkasa huo haukuwa wa kwanza mahali hapo. Ikiwa abiria aliyezingirwa na mabati hana usalama, basi anayepita pembeni kwa magurudumu mawili yasiyo na injini hana la kumkinga ila bahati.

Hata hivyo, ipo njia nyingine. Juu ya barabara hiyo, upande wa magharibi ambako mashamba hukoma na msitu kuanza, upo mtandao wa barabara za murram na changarawe ambazo kwa sehemu kubwa ya mchana hazipitiwi na gari hata moja. Chini yake, upande wa mashariki, yako mabonde makavu ya Mbeere na maziwa yaliyotokana na mabwawa ya Mto Tana. Hakuna kibao kinachomwelekeza mgeni katika njia hizi. Wanaozitumia huzijua kwa kuwa walizaliwa kando yake.

Barabara za juu zilitokana na majani chai. Jani lililochumwa asubuhi sharti lifikishwe kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo huharibika. Kwa sababu hiyo kila mgongo wa kilima ulichimbiwa barabara ya kufikia vituo vya kukusanyia majani, na kutoka hapo hadi viwanda kama Mungania, Rukuriri na Kathangariri huko Embu, Weru katika Tharaka-Nithi, na Kinoro, Imenti na Githongo upande wa Meru. Lori la chai hupita kwa ratiba yake. Likishapita, barabara hurudi kwa watoto wa shule, ng'ombe na mama aliyebeba kuni.

Aidha, mwaka wa 1986 serikali ilianzisha shirika la Nyayo Tea Zones, likapanda ukanda mwembamba wa chai kuuzunguka msitu ili kuwazuia watu wasiendelee kuumega. Zipo njia zinazoambaa na ukanda huo. Mkono mmoja ni chai iliyokatwa sawasawa kama zulia, mkono wa pili ni ukuta wa miti ya asili. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna mahali pazuri zaidi pa kuendeshea baiskeli katika eneo zima la Mlima Kenya, na ni ajabu kwamba wanaopaona ni wachuma chai na walinzi wa misitu pekee.

Tatizo ni mabonde. Migongo ya vilima huteremka kutoka mlimani kuelekea mashariki, na barabara nyingi za chai hufuata mgongo, juu na chini. Anayesafiri kutoka kusini hadi kaskazini huikata migongo hiyo yote. Baada ya Embu atakutana na Mto Ena, kisha Thuci ulio mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi, kisha Nithi, Mutonga na Thingithu kabla ya kufika Kathita mjini Meru, mbali na vijito visivyo na idadi vilivyo kati yake. Yote hatimaye humwaga maji yake katika Mto Tana.

Kwenye lami, umbali wa Embu hadi Meru ni takribani kilomita 130. Huko juu ni zaidi, na hesabu ya kilomita haimsaidii mtu sana. Kila bonde humtaka mwendeshaji achague: ateremke na mgongo hadi barabara kuu, avuke daraja la magari na kupanda tena upande wa pili, au afuate kijia cha wakulima hadi kwenye kivuko cha miguu, aibebe baiskeli begani na kuisukuma kwenye mwinuko wa pili. Chaguo la kwanza humrudisha kwa malori yale yale aliyoyakimbia. Chaguo la pili humla saa nzima, na baada ya mvua kubwa huenda akakuta kivuko kimechukuliwa na maji.

Ndiyo maana ni kosa kusema kwamba Embu na Meru zimekwisha kupata njia ya baiskeli. Zina vipande vya njia, tena vizuri sana, vilivyotenganishwa na mito. Madaraja machache ya miguu, yenye upana wa kupitisha baiskeli na mwenye nayo, yangeviunganisha. Mtoto aendaye shule ng'ambo ya mto na mkulima apelekaye maziwa wangeyatumia kila siku, mtalii akija au asipokuja.

Udongo wenyewe una masharti yake. Ni udongo mwekundu wa volkeno, wenye rutuba kubwa, na ukilowa hugeuka sabuni. Mvua ya masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na ile ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wageni huipuuza ya pili kwa kuwa huitwa ya vuli, ilhali upande huu wa mashariki wa mlima ndiyo huwa nzito zaidi. Januari na Februari ni miezi mizuri ya kusafiri. Julai na Agosti hakuna mvua nyingi, lakini ukungu na manyunyu huweza kukaa katika ukanda wa chai siku kadhaa mfululizo.

Kuhusu misitu, anayetaka kuionja bila safari ndefu anaweza kuanza na Njukiri, ulio karibu na mji wa Embu. Irangi, ulio juu zaidi katika kaunti hiyo, ni sehemu ya msitu mkuu wa Mlima Kenya. Huko ndiko nyumbani kwa mkafuri, na katika misitu ya Meru humea pia muuru, ambao wataalamu huuita Vitex keniensis na ambao kiasili hupatikana katika eneo hili la Mlima Kenya. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka wa 1999 ulionyesha jinsi mikafuri ilivyokuwa ikikatwa kwa maelfu na msitu wa Imenti ulivyokuwa umeharibiwa. Mwaka uliofuata msitu huo wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa hifadhi chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kutokana na historia hiyo, mwendeshaji haingii msituni apendavyo. Misitu ya serikali husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Misitu, KFS, pamoja na vyama vya jamii vinavyotambuliwa na sheria ya misitu ya mwaka wa 2005 na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake. Lango la mbuga ni la KWS. Isitoshe, tangu 2012 wakfu wa Rhino Ark na mashirika hayo wamekuwa wakijenga ua wa umeme kuuzunguka msitu ili kuwatenganisha ndovu na mashamba, na ua huo hupitika mahali penye malango tu. Ni busara kupitia kwanza katika kituo cha misitu kilicho karibu, kulipa ada na kuomba mlinzi. Ndovu na mbogo wamo, na baiskeli haina mlio wa kuwaonya kwamba mtu anakuja. Hilo ndilo linaloifanya iwe hatari kuliko gari katika kona zenye mianzi.

Njia ya msituni ijulikanayo zaidi ni ile ya Chogoria. Kutoka mjini humo hupanda katikati ya miti mikubwa, kisha mianzi, hadi lango la mbuga lililo mita 2,950 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbele ya lango hilo, palipo nyasi na baridi kali, liko Ziwa Ellis. Magari ya watalii hupanda njia hii, lakini si mengi, na mvua ikinyesha hata hayo hukwama. Kupanda ni kazi ya siku nzima. Kushuka kunahitaji breki nzuri kuliko mapafu.

Kaskazini zaidi, baada ya kuvuka ikweta kati ya Nkubu na mji wa Meru, msafiri hufika Imenti. Katika msitu wa Imenti ya Juu limo Ziwa Nkunga, dogo na la mviringo, lililo kwenye shimo la volkeno, mita 1,780 hivi juu ya usawa wa bahari. Juu yake, kwenye mita 2,350, liko lile liitwalo Ziwa Takatifu, na juu zaidi, kupita mita 3,000, Ziwa Rutundu, ambako Mwanamfalme William wa Uingereza alimposa Kate Middleton mwaka wa 2010.

Posa hiyo ilitangazwa duniani kote. Habari ya matope ya Ziwa Takatifu haikupata sifa kama hizo, ingawa kwa maoni yetu ni kubwa kuliko posa. Wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa hilo, na mwaka wa 1997 wakaeleza katika jarida la Science kwamba wakati wa enzi ya barafu, hewa ya kaboni ilipopungua angani, mahali palipo na msitu leo palitawaliwa na nyasi. Anayesukuma baiskeli chini ya miti hiyo anapita kwenye msitu ambao umewahi kuondoka na kurudi.

Katika kaunti ya Meru uko pia Ngare Ndare, karibu na Timau, msitu mkavu wa mizeituni na mierezi ambao ndovu huutumia kati ya Mlima Kenya na nyanda za Lewa. Njia yao hupita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, katika kivuko maalumu kilichofunguliwa mwanzoni mwa 2011. Kwa hiyo ndovu wa Meru wanayo njia yao iliyotengwa na magari. Waendesha baiskeli bado.

Wapendao joto na tambarare wateremke Mbeere, kaunti ya Embu. Maziwa ya huko yaliletwa na umeme: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Barabara za mchanga hupita kati ya mimea ya migunga, na magari ni haba. Maji hayo yana viboko na mamba, hivyo kuoga si shauri jema, na anayetaka kuingia Hifadhi ya Mwea iliyo kando ya Kamburu apate idhini ya KWS kwanza.

Mchezo wa kuendesha baiskeli kwenye changarawe unahesabiwa kuwa mpya. Mashindano yake maarufu, ya Emporia katika jimbo la Kansas nchini Marekani, yalianza 2006, na Kenya ilipata yake, Migration Gravel Race, mwaka wa 2021 katika eneo la Mara. Marehemu Suleiman Kangangi, aliyefariki katika mashindano ya aina hiyo huko Vermont mnamo Agosti 2022, ndiye aliyewafanya Wakenya wengi wausikie. Lakini wazee wa Runyenjes na Chuka walikuwa wakipita changarawe hiyo kwa baiskeli nyeusi za Black Mamba, mtungi wa maziwa nyuma, kabla ya jina hilo kubuniwa. Baiskeli zilipungua baada ya 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo na bodaboda zikajaa kila mgongo.

Bodaboda hizo ndizo chombo cha pekee cha injini atakachokutana nacho mara kwa mara anayefuata njia za juu. Zina faida yake pia: gurudumu likipasuka bonde la Mutonga saa kumi jioni, ni bodaboda itakayoibeba baiskeli hadi Chogoria.