Nyumba za Kampuni na Kodi Isiyoonekana

Wazee husema: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Maneno hayo husemwa juu ya nguo, lakini katika nchi ya shaba yafaa kusemwa juu ya nyumba pia. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa migodi ya Katanga walikaa katika nyumba imara za matofali, nao hawakutoa kodi hata faranga moja. Leo wajukuu wao wanatafuta chumba cha kupanga katika Kolwezi. Wanaambiwa bei kwa dola, tena wanadaiwa garanti ya miezi mingi kabla ya kuushika ufunguo. Mambo haya yaligeukaje? Twataka kuyaeleza kwa utaratibu, kwa maana asiyejua alikopita hawezi kuchagua njia ya kwenda mbele.

KAMPUNI YAFANYA HESABU

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Katika miaka ya kwanza haikujali sana makazi ya watu. Wafanyakazi waliletwa kwa mkataba wa miezi michache, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Walilazwa katika mabanda, wanaume peke yao, na magonjwa yaliwaua wengi. Mkataba ulipokwisha, waliosalia walirudi kwao, na kampuni ikaanza tena kutafuta watu wapya na kuwafundisha kazi. Hiyo ilikuwa hasara ya watu, na hasara ya fedha pia.

Tangu miaka ya 1925 hadi 1930 kampuni ikabadili shauri. Iliona kwamba mtu aliyeizoea kazi ni mali, na kwamba mtu hawezi kutulia bila mke na watoto. Basi ikaandika watu kwa mkataba wa miaka mitatu, kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, ikawaruhusu waje na jamaa zao. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyeongoza zaidi mpango huo. Kila mwenye jamaa alipewa nyumba. Akapewa posho ya chakula, na dawa hospitalini. Shule za kambi ziliwekwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki. Kwa hiyo historia hii ya nyumba ni historia ya parokia zetu pia, maana wazee wengi wa parokia walijifunza kusoma na katekisimu ndani ya kambi zile.

Reli ya kwenda Dilolo na pwani ya Lobito ilipita sehemu hizi mwaka 1931. Mwaka 1937 ukaanzishwa mji wa Kolwezi, uwe makao ya migodi ya magharibi. Kando ya migodi na viwanda zikajengwa kambi, kama ile ya Musonoi, na baadaye Luilu na Kapata. Nyumba zilipangwa kwa mistari, maji yakaletwa karibu, na zahanati ikawekwa mahali pa kufikiwa kwa miguu. Mtu aliyetoka kijijini aliona neema.

Lakini tuulize: je, nyumba ile ilikuwa bure? Hasha. Mshahara wa fedha ulikuwa mdogo, na sehemu iliyobaki ya jasho la mfanyakazi ililipwa kwa nyumba, kwa posho na kwa dawa. Kodi ililipwa kila mwezi, ila haikuonekana, maana ilikatwa kabla ya kufika mkononi. Tena aliyelipa namna hiyo kwa miaka 20 hakupata hata karatasi moja ya kuonyesha haki yake. Mwenye kodi ya kawaida ana risiti. Mtu wa kambi alikuwa na kazi tu. Mkuu wa kambi aliweza kukagua usafi wa nyumba na kuuliza habari za wageni. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani. Aliyezeeka katika kazi alirudisha ufunguo, akaenda kutafuta pa kukaa.

NJIA NYINGINE: NYUMBA ZA OFISI

Baada ya vita vya pili vya dunia miji ya Kongo ilijaa upesi, na wengi waliokuja hawakuwa watu wa kampuni kubwa. Mafundi cherehani, makarani, wachuuzi, watumishi wa nyumbani, wote walihitaji pa kulala. Ndipo Serikali ya Wabelgiji, katika mpango wake wa miaka kumi ulioanza mwaka 1949, ikaona haja ya kujenga. Mwaka 1952 ikaundwa Office des Cités Africaines, ambayo watu waliiita OCA. Kabla ya uhuru Ofisi hiyo ilijenga karibu nyumba 40,000 katika miji mikubwa. Katika Léopoldville ilijenga mitaa kama Bandalungwa na Matete. Katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ikajenga Ruashi. Mwaka 1955 ukaongezwa mfuko ulioitwa Fonds du Roi, wa kuwasaidia wasio na uwezo wa kutosha.

Tofauti yake na kambi ni hii. Mpangaji wa OCA alilipa kodi kwa Ofisi, siyo kwa bwana wa kazi yake, au alinunua nyumba kwa kulipa kidogo kidogo. Akibadili kazi, nyumba hakuiacha. Akigombana na msimamizi wake kazini, mke na watoto hawakulala nje. Twakiri kwamba mpango ule ulikuwa na upungufu: ili kupata nyumba ya Ofisi ilifaa kuwa na mshahara wa kila mwezi, kwa hiyo maskini kabisa walibaki nje. Baada ya mwaka 1960 ujenzi ulipungua sana, na watu wakazidi kuingia mijini. Hata hivyo, mitaa ile ipo mpaka leo, na jamaa nyingi zimerithishana nyumba.

BABA ALIPOSHINDWA

Katika Kolwezi njia ya kambi ndiyo iliyoshinda. Tarehe 1 Januari 1967 Serikali ya Kongo iliichukua mali ya Union Minière, na baadaye kampuni ya taifa ikapata jina la Gécamines. Bendera ilibadilika, lakini desturi ya nyumba, posho na hospitali iliendelea. Watu walizoea kusema kwamba kampuni ni baba na mama. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Nani angedhani kwamba baba mwenye nguvu hivi ataanguka?

Akaanguka. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Kufika mwaka 1993 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa, posho ikakoma, na nyumba za kambi hazikupata tena rangi wala bomba jipya.

Katika miaka hiyo hiyo ubaya mwingine ulitokea. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga kwa ajili ya kabila lao. Wengi walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, wengine wamezaliwa hapa hapa. Katika Likasi na Kolwezi walilala karibu na stesheni, wakingoja treni siku nyingi, na wengi walikufa. Walipoteza kazi na nyumba kwa siku moja. Hapo ilionekana wazi maana ya nyumba inayoning'inia juu ya kamba moja tu: kamba ikikatwa, jamaa nzima yaanguka.

Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Wafanyakazi 10,655, wengi wao wenye miaka 25 ya kazi au zaidi, walipokea kiasi cha fedha mara moja, wakaaga. Kwa wengi fedha hizo zilikwisha upesi. Gécamines iliuza pia nyumba nyingi za kambi kwa watu waliokuwa wakikaa ndani. Basi baada ya miaka 70 karibu na 80, kodi isiyoonekana ilizaa kitu: karatasi ya nyumba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliwaita watu hawa Bana Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo lawafaa.

NYUMBA JUU YA MADINI

Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa kampuni mpya kutoka nchi nyingi. Kampuni hizi hazikurudisha kambi za zamani. Sheria ya kazi ya mwaka huo huo humruhusu mwajiri atoe fedha za makazi mahali pa nyumba, na mfanyakazi hujitafutia mwenyewe. Pamoja naye wamekuja wafanyakazi wa mikataba mifupi, wachimbaji wa mkono, wafanyabiashara na madereva. Mwaka 2015 Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba, na watumishi wa Serikali wakaongezeka. Wote hao wanatafuta vyumba katika komini mbili tu, Dilala na Manika. Mwenye lupango hujenga vyumba uani na kupandisha bei, kwa kuwa anajua mwingine yuko nyuma mlangoni. Mwalimu na muuguzi hawawezi kushindana na mtu anayelipwa na mgodi.

Tena hata mwenye nyumba hana usalama kamili. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973 udongo ni mali ya Serikali, na madini ya chini kadhalika. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo. Watu wakachimba ndani ya vyumba vyao, na mwaka 2017 jamaa mia kadhaa zilihamishwa. Mwezi wa Septemba 2023 ripoti ya Amnesty International na shirika la IBGDH ilieleza habari za Cité Gécamines, mtaa wa zamani wa wafanyakazi, ambako mgodi wa kampuni ya COMMUS unapanuka. Watu waliohamishwa walisema kwamba fedha walizopewa hazikutosha kununua nyumba kama ile waliyoiacha. Hivyo wengine waliokuwa na nyumba wamerudi kuwa wapangaji.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Historia hii inatufundisha jambo moja. Nyumba ya bei nafuu haidumu ikiwa mfuko wake ni ule ule wa mgodi, na haki yake ni ile ile ya kazi. Yataka mfuko wake wenyewe na sheria yake yenyewe.

Kuna mji uliojaribu njia hiyo mapema. Mwaka 1923 mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, uliweka kodi ya makazi, na wenye nyumba kubwa za fahari wakatozwa zaidi kuliko wengine. Kwa fedha hizo mji ulijenga nyumba zaidi ya 60,000 kabla ya mwaka 1934, ukazipangisha kwa kodi ndogo. Mpangaji alikuwa mpangaji wa mji, hata akikosa kazi. Leo mji ule una nyumba zake zipatazo 220,000. Viwanda vingapi vimefungwa pale kwa miaka mia? Nyumba zingali zipo.

Je, Lualaba haina mfuko? Unao. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba katika ada ya madini, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya komini au eneo ambalo mgodi umo. Sehemu ya fedha hizo ikitengwa kila mwaka kwa ajili ya nyumba za kupangisha, hata kama ni nyumba 50 tu kwa mwaka, komini itakuwa na mtaa wake kabla watoto wetu hawajaoa. Lakini nyumba hizo zisijengwe juu ya madini, zisigawiwe kwa kujuana, na kila mpangaji apate mkataba na risiti.

Wapangaji nao waijue haki yao. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita kodi ya miezi mitatu. Mwenye kudaiwa miezi sita au kumi anadaiwa kinyume cha sheria. Twajua kwamba mtu mmoja peke yake huogopa kusema, maana chumba atapewa mwingine. Kwa hiyo wapangaji wa mtaa mmoja wasemeane, waandike mikataba yao, watunze risiti zao, na waulize kwa adabu katika ofisi ya komini ada ya madini ya mwaka imetumika kwa kazi gani. Wazee wetu walilipa kodi isiyoonekana kwa miaka mingi bila risiti. Sisi tuidai risiti.