Uhifadhi wa miraa

Uhifadhi wa miraa (pia mirungi) ni kazi ya kuzuia vichipukizi vya mmea huo, Catha edulis, visinyauke kati ya shamba na mlaji. Safari hiyo huweza kuwa ndefu: Banissa, mji wa wafugaji katika kaunti ya Mandera, uko mbali na mashamba ya Nyambene huko Meru, na nchi ya katikati ni kame na yenye joto.

Baada ya miraa kuchumwa, kichocheo chake kikuu, kathinoni, huvunjika na kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi. Zikipita siku mbili hivi, nguvu na bei vimeshuka. Kwa hiyo vitita hufungwa kwa majani ya mgomba, yanayotunza unyevu na ubaridi, kisha hutiwa kwenye magunia na kusafirishwa upesi. Dereva, kwa kweli, ni sehemu ya ghala.

Tofauti na miraa, siga, sigara nene ya tumbaku iliyokaushwa, hukaa miaka ndani ya sanduku la mwerezi lenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Miraa haikomai kwa kuwekwa. Hata shehena za London zilikimbizwa kwa ndege, hadi Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014.