Bustani za Posta na Viwanja vya Mnazi Mmoja

Bustani za umma katikati ya Dar es Salaam, eneo la Posta na kando yake, ni chache, na karibu zote zilianza kwa kazi nyingine kabisa. Bustani ya mimea iliyo mwisho wa Barabara ya Samora ilikuwa kituo cha kujaribia mazao ya biashara. Mnazi Mmoja ulitengwa uwe uwazi wa kuwatenganisha watu kwa rangi zao. Viwanja vya Karimjee vilikuwa ua wa jengo la kutungia sheria. Mapumziko yalikuja baadaye, na kwa sehemu kubwa yaliletwa na wakazi wenyewe, walioingia humo na mikeka yao, mipira yao na mikutano yao.

Mji wenyewe ulizaliwa shambani. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, na kuizunguka bandari kulikuwa na mashamba ya minazi. Alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulizorota, minazi ikaendelea kuzaa. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifika mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo ilitolewa kanuni ya ujenzi iliyougawa mji kwa aina ya nyumba: mashariki, kwenye upepo wa bahari, nyumba za mawe za mtindo wa Ulaya, nyuma yake maduka na nyumba za biashara, magharibi kabisa nyumba za miti, udongo na makuti. Kwa kuwa Waafrika wengi wasingeweza kujenga kwa gharama ya upande wa mashariki, kanuni iliyozungumzia kuta na mapaa ilifanya kazi ya kugawa watu. Upande wa mashariki ndiko barabara zilikopandwa miti na nyumba zikapewa nyua pana. Mgawanyo huo wa karne ya 19 unaonekana hadi leo: anayetembea adhuhuri kutoka Magogoni, upande wa mashariki, kwenda Kariakoo, upande wa magharibi, hukiacha kivuli nyuma yake kabla hajafika nusu ya safari.

Bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann, mtaalamu wa viumbe aliyewahi kusafiri na mvumbuzi Emin Pasha hadi nchi za maziwa makuu. Serikali ya Kijerumani ilikuwa na koloni kubwa lisilo na zao la uhakika la kuuza nje, na ilitaka kujua ni mimea gani ya kigeni itakayokubali udongo na mvua za pwani. Mbegu na miche ililetwa kutoka nchi nyingine za joto, ikapandwa na kufuatiliwa. Haikuwa juhudi ya peke yake: mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alipanda mkonge wa kwanza karibu na Pangani, miche michache iliyonusurika safari ndefu kutoka Florida, na miche hiyo ndiyo ikazaa mashamba yaliyoiendesha Tanga kwa miongo mingi.

Pwani, hata hivyo, haikuwa mahali pazuri pa utafiti wa kilimo. Mwaka 1902 serikali ilifungua taasisi ya Amani katika milima ya Usambara, kwenye baridi na mvua za kutosha, na Stuhlmann huyohuyo akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Kazi ya kisayansi ilipanda mlimani. Dar es Salaam ilibakiwa na miti iliyokwisha kukua, bila swali la kuijibu. Inaweza kusemwa kwamba hapo ndipo shamba la majaribio lilipogeuka bustani, kwa kukosa kazi.

Miti iliyosalia ni mchanganyiko unaokumbusha asili hiyo. Kuna michikichi ya aina nyingi na mimea ya kale ya jamii ya saikadi. Kuna mijakaranda ya maua ya samawati na mikrismasi yenye maua mekundu ambayo, kama jina lake linavyodokeza, huwaka kuelekea Desemba. Maarufu kuliko yote ni mnazi wa Shelisheli, mti wenye mbegu kubwa kuliko mbegu ya mmea mwingine wowote duniani. Kwa asili mti huo huota katika visiwa viwili tu vya Shelisheli, Praslin na Curieuse, na ni nadra kuukuta umestawi nje ya nchi hiyo.

Eneo la bustani halikubaki kama lilivyoanza. Waingereza, walioutwaa mji Septemba 1916, walijenga upande huo makumbusho ya kumkumbuka Mfalme George wa Tano, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1940. Ndiyo Makumbusho ya Taifa ya leo, katika Mtaa wa Shaaban Robert. Mwaka 1955 ukakamilika jirani Ukumbi wa Karimjee, zawadi ya familia ya wafanyabiashara yenye jina hilo. Baraza la Kutunga Sheria lilikaa humo, na baada ya Uhuru Bunge likafuata. Baadaye zikaja ofisi na hoteli. Kila jengo lilikuwa na sababu nzuri ya kuwepo, na ardhi yenye miti lakini isiyo na mapato haina wakili mzuri mbele ya sababu nzuri.

Viwanja vya Karimjee vimepata desturi yake. Hapo mwili wa kiongozi au mtu mashuhuri huletwa ili wananchi watoe heshima za mwisho. Mei 2019, kwa mfano, maelfu walipanga foleni hapo kumuaga mwenye viwanda na vyombo vya habari Reginald Mengi. Bustani ya Makumbusho nayo imebeba msiba wa aina nyingine: humo mna kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Nairobi, iliyopigwa siku hiyohiyo na kupoteza watu zaidi ya 200, iligeuza kiwanja chenyewe cha ubalozi kuwa bustani ya kumbukumbu, katikati kabisa ya jiji.

Mnazi Mmoja una historia iliyo kali zaidi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikwisha kupanga kitongoji kipya cha Waafrika magharibi ya mji, chenye mitaa iliyonyooka na jengo la soko, na kati yake na mji wa biashara paachwe ukanda mtupu. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu: mbu aliyemuuma Mwafrika mwenye malaria asiweze kuruka hadi kitandani kwa Mzungu. Vita vilikatiza mpango. Waingereza walilitumia soko lile jipya kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, kambi iliyowaachia wenyeji jina la Kariakoo, kisha wakautekeleza ukanda ule. Mji ukawa na kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na mitaa ya Waafrika, na Mnazi Mmoja ukalala kati ya ya pili na ya tatu. Mpango mkuu wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Alexander Gibb ya Uingereza, uliendelea na fikra hiyohiyo kwa lugha laini zaidi. Sasa maeneo ya wazi yalielezwa kuwa njia za kupitishia upepo.

Upepo ulipita kweli, na watu nao wakapita. Uwazi uliokusudiwa kutenganisha ulikuwa ndio mahali pekee palipotosha watu wengi karibu na Kariakoo, kwa hiyo mpira, ngoma na sala za Idi vikahamia hapo. Kando yake palikuwa na Mtaa wa New Street, sasa Lumumba, ambako tarehe 7 Julai 1954 TANU, chama kilichopigania Uhuru, ilizaliwa katika jengo la chama kilichoitangulia. Pembeni palikuwa na Ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwa kituo cha starehe na masomo kwa Waafrika. Serikali ya kikoloni ilitumaini kuwavuta wakazi ndani ya ukumbi. Chama kikawavuta nje, uwanjani. Machi 1955 Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, alizungumza na umati Mnazi Mmoja, na akina mama waliohamasishwa na Bibi Titi Mohamed wakawa nguzo ya mikutano hiyo. Barabara inayopakana na uwanja sasa ina jina la Bibi Titi.

Baada ya Uhuru hadhi ya uwanja ilipanda: pakajengwa mnara, na kwa miaka mingi Siku ya Mashujaa, 25 Julai, iliadhimishwa hapo kwa kuweka mkuki, ngao na mashada ya maua. Siku za kawaida ni za wauza kahawa na kashata, wauza madafu, wanafunzi wenye madaftari, na wasafiri wanaosubiri jua lipungue. Mageti ya uwanja yanapofungwa, haohao huhamia chini ya miti ya barabarani.

Vipande vingine vya kijani vya Posta ni vidogo au vina wenyewe. Sanamu ya Askari, shaba iliyochongwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika, imesimama kwenye mzunguko wa majani mahali Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe. Maandishi yake yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha herufi za Kiarabu na cha Kilatini. Wapita njia huiona zaidi ya wanavyoikaribia, kwa sababu ya magari. Viwanja vya Gymkhana, vipana kuliko bustani zote za mji zikiunganishwa, ni vya wanachama. Ufukwe wa Ocean Road, barabara iliyopewa jina la Barack Obama mwaka 2013, una mivinje na upepo, na jioni za Jumapili hujaa familia bila mtu kuhitaji kiingilio.

Zanzibar ilichukua njia tofauti. Forodhani ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1930 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub, yaani ilikuwa bustani tangu siku ya kwanza. Ilipochakaa, Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan uliikarabati na kuifungua upya mwaka 2009. Wauzaji wa pweza, mishikaki na juisi ya miwa walipangiwa nafasi zao humo badala ya kufukuzwa. Dar es Salaam haijafanya jambo la namna hiyo kwa bustani yake yoyote ya Posta. Mwaka 2021 machinga waliondolewa katika barabara za katikati ya jiji na kuelekezwa kwenye masoko, na vivuli vingi vilivyokuwa na chai na vitafunwa vikabaki vitupu.

Kariakoo ndiyo iliyokosa zaidi. Nyumba zake za Kiswahili zilikuwa na ua wa nyuma, pengine na mwembe au mpapai, na baraza ya mbele. Ua ndio uliokuwa bustani ya mtaa. Maghorofa yaliyoanza kuota kwa wingi katika miaka ya 1990 yalijengwa ukuta kwa ukuta, na nyua zikaisha. Uwanja mkubwa uliosalia upande huo ni Kidongo Chekundu, ambako mwaka 2015 kilifunguliwa kituo cha michezo cha vijana chenye jina la Jakaya Kikwete, kikiwa na viwanja vya soka na mpira wa kikapu.