Asili ya Neno Szlachta

Wapolandi huwaita watu wa nasaba kuu wa zamani szlachta, na neno hilo hutamkwa shlakhta, kwa kh ya kheri. Wako waliolieleza kwa neno la Kijerumani Schlacht, maana yake vita, wakisema kwamba kazi ya watu hao ilikuwa kupigana. Maelezo haya yapendeza masikioni, lakini twayakataa. Hata kama katika Kijerumani maneno yametoka shina moja la kupiga, lile lililowafikia Wapolandi kwa njia ya Kicheki ni slahta la kale, yaani ukoo. Hata herb, alama ya ngao zao, ni Erbe la Kijerumani, urithi.

Basi szlachta maana yake ni ukoo tu. Nasi tunalo neno lililopita njia iyo hiyo: kabaila, mtu wa cheo, ni wingi wa neno lile la Kiarabu tulilolifanya kabila. Kana kwamba wengine hawakuzaliwa na mtu!

Ndani ya ukoo huo palikuwa na udugu wa kweli. Mwaka 1413, katika mji wa Horodło, wakuu 47 wa Lithuania walipokelewa katika koo za Wapolandi, wakapewa alama zao, kama mtu apokeavyo mwana asiyemzaa. Aliyelima shamba lake kwa mikono yake mwenyewe alimwita tajiri “bwana ndugu”, naye akaitikiwa vivyo hivyo. Tangu mwaka 1505 mfalme hakuweza kuweka sheria mpya pasipo ridhaa yao.

Lakini mkulima alikuwa nje. Sheria ya mwaka 1520 ilimlazimisha kumfanyia bwana wake kazi siku moja kila juma bila ujira, na baadaye siku zikazidi. Ili kuhalalisha jambo hilo, walisema kwamba wao ni wana wa Yafethi, na wakulima ni wana wa Hamu. Katika karne ya 17 Walerian Nekanda Trepka aliandika kitabu kizima cha kuwafichua watu zaidi ya 2,000 waliojitia katika szlachta kwa hila, nacho chajulikana kwa jina la Kitabu cha Wahamu. Sisi Waafrika twaijua hoja hiyo, maana tumepigwa nayo. Na kila mwalimu aliyesoma Mwanzo 9 ajua kwamba aliyelaaniwa pale ni Kanaani, wala si Hamu.

Katiba ya mwaka 1921 ilikataa kuvitambua vyeo vya nasaba. Neno szlachetny limebaki, nalo husemwa juu ya dhahabu na fedha, na juu ya mtu mwenye moyo mwema, awe mwana wa nani. Nasi tungelifasiri kwa “muungwana”. Neno cham, yaani Hamu, nalo limebaki: hata leo Mpolandi humwita hivyo mtu asiye na adabu.