Karen (Nairobi)

Karen ni kitongoji cha Nairobi kilichoko kusini-magharibi mwa jiji, upande wa Milima ya Ngong. Kinafahamika kwa makazi ya matajiri yaliyojificha nyuma ya nyua na miti mirefu, lakini asili yake ni shamba la kahawa lililofilisika.

Shamba hilo, la ekari 4,500 hivi, lilikuwa la kampuni ya Karen Coffee, iliyogharimiwa na jamaa za mwandishi Mdenmark Karen Blixen. Blixen alitua Mombasa Januari 1914, akaolewa huko huko na Bror Blixen, wakaenda shambani. Mibuni ilichukua ekari 600 tu. Kwingine palikuwa msitu, malisho na vishamba vya Wakikuyu walioitwa maskwota: ili waruhusiwe kulima na kufuga, iliwabidi kumfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa kila mwaka. Wengi walizaliwa papo hapo, na baba zao vilevile. Blixen mwenyewe alikiri katika kitabu chake Out of Africa (1937) kwamba huenda machoni pao skwota alikuwa yeye.

Kahawa haikukubali. Mahali penyewe ni juu mno, zaidi ya mita 1,800, pana baridi, na mvua ilikosa miaka kadhaa. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kikateketea. Bei nayo ilipoporomoka, wenye hisa walichoka, na mwaka 1931 shamba likauzwa. Kabla ya kuondoka, Blixen aliwasumbua maafisa wa serikali mpaka maskwota wakapewa ardhi ya pamoja Dagoretti.

Mnunuzi, Remi Martin, hakuwa na haja na buni. Alilikata shamba katika viwanja vya ekari 20, na hapo ndipo kitongoji kilipozaliwa. Klabu ya gofu, Karen Country Club, ilianzishwa mwaka 1937.

Blixen aliamini kitongoji kimeitwa kwa jina lake. Wengine humtaja Karen Melchior, binti wa mwenyekiti wa kampuni, Aage Westenholz.

Denmark iliinunua nyumba ya Blixen, ikaizawadia Kenya mwaka 1964. Tangu 1986 ni makumbusho, na mitambo chakavu ya kahawa ingali uwanjani. Viwanja vya ekari 20 vimegawanywa tena na tena, vingine hadi nusu ekari.